Muhindo Aliyezaliwa Nyuma ya Kaka

Kisangani, Mangobo, 6 Oktoba 2024

Yaya Kahambu, dada yangu mpendwa,

Kama karatasi hii imekukuta umesimama, tafuta kiti, maana mdogo wako leo ana maneno mengi na mvua imefunga njia ya duka.

Sisi tuko wazima kwa neema ya Mungu. Agathe anakusalimia; goti lake limetulia tangu alipokubali kwamba yeye si msichana tena wa kurukia pikipiki. Sandrine amemaliza masomo yake ya kompyuta na bado hajapata kazi, lakini hakai bure, utaona. Mwanao Franck anafundisha hesabu kule Kabondo, na kila Jumapili baada ya misa anavuka mji kuja kula lituma ya Agathe, ile ndizi ya kuponda. Anakula, anashiba, kisha anabishana nami. Donc usihangaike, mtoto wako ana afya.

Uliuliza kwa nini sikupigii. Yaya, simu ni ya kuuliza bei. Baba alituambia kwamba neno la damu linaandikwa, na tangu vita ilipokaribia kwenu simu zimeota masikio mengi. Assumani dereva ni mtu wa sala, ingawa sala yake ni ya msikitini. Mkononi mwake barua hufika, hata ikichelewa.

Sasa neno lenyewe. Mdogo wako amekuwa mwandishi.

Usicheke. Najua nilitoka shule mwaka wa nne wa sekondari. Lakini huku kila mtu mwenye simu anaifundisha nchi namna ya kuishi. Huyu anasema tufute machifu, yule anasema wazee wanyamaze, mwingine anasema ndoa ni karatasi ya wazungu. Nikawa nanung'unika dukani, katikati ya cheni na matairi, mpaka Sandrine akasema: "Papa, badala ya kuchosha wateja, andika." Akanifungulia blogu. Nimeiita Kizingiti, kwa sababu nchi inaanzia pale mtu anapovua viatu kuingia kwa baba yake.

Makala ya kwanza niliandika juu ya Wagenia, wavuvi wetu wa mtoni. Unakumbuka nilikupeleka kwenye maporomoko ulipokuja kwenye komunyo ya Sandrine? Wale hawatoboi mwamba upya. Wanasimika nguzo za mitego yao katika mashimo waliyoyakuta, yale yale ya babu zao, na maji hayawezi kuzing'oa. Nikasema nchi ifanye hivyo hivyo. Watu waliipenda, yaya. Waliitumiana mpaka ikarudi kwenye simu ya Agathe kutoka kwa mtu asiyemjua.

Ila sikuweka jina langu. Mimi ni katekista, nina duka, na Agathe anaogopa. Sandrine aliponiuliza niweke jina gani, nilisema Muhindo. Kila nyumba ya watu wetu ina Muhindo. Nani atamtafuta?

Wewe peke yako ndiwe ninayekuambia.

Ndimi mdogo wako,
Mbusa Cyprien

*

Butembo, 24 Novemba 2024

Mbusa wangu,

Barua yako ilifika na matope ya njia ya Bafwasende, nikaipangusa kama mtoto aliyetoka kucheza. Amani ya Kristo iwe kwako, kwa Agathe na goti lake, na kwa Sandrine.

Kwetu baridi imekaza. Nyumba imejaa, nimepokea mama wawili waliokimbia kutoka upande wa Lubero pamoja na watoto wao. Usiku tunalala kama viazi guniani. Vitenge vinauzika kidogo, maana mtu anayekimbia hanunui kitenge, anafunga alichonacho. Lakini Mungu hajatusahau. Wale mama ni waimbaji, na jikoni kwangu sasa ni kama kwaya.

Blogu yako nimesomewa na mjukuu wangu Plamedie kwenye simu yake. Nilisikia sauti ya Baba ndani yake, nikasahau sufuria mpaka ikaungua. Andika, mdogo wangu. Wenye kelele wasituachie nchi tupu.

Lakini jina. Mbusa, jina si shati la kuazima. Nilizaa wasichana watatu, mama mkwe wangu akaanza kunitazama kwa jicho la pembeni, ndipo akaja mvulana, huyo Franck. Akageuza safu, na ndiyo maana anaitwa Muhindo. Jina hilo nililipata kwa machozi. Wewe ulikuja nyuma ya wavulana, ukaitwa Mbusa, na kila mtu wa kwetu akilisikia anajua ulipolala kwenye mkeka. Na tena, ni nani aliyewahi kuona mtu anayekataza mabadiliko akajiita Mgeuzaji? Plamedie alicheka sana hapo.

Bon, sikugombezi. Nimekwambia tu.

Dada yako,
Kahambu

*

Kisangani, 19 Januari 2025

Yaya mpenzi,

Heri ya mwaka. Noeli tulikula kuku na samaki wa Wagenia, tukawaombea ninyi na wale mama wa Lubero. Sandrine ana mchumba, mtu wa kwaya, bado sijamkubali kwa mdomo ingawa moyoni nimemkubali. Franck mzima, amepewa darasa la mwisho. Agathe anasema mtoto huyo anakonda kwa ajili ya kusahihisha madaftari, mimi nasema anakonda kwa ajili ya ubishi.

Yaya, Kizingiti imekua kuliko mwenyewe. Wananisoma Bunia, Kinshasa, hata Ubelgiji. Padri wetu alitaja maneno yangu katika mahubiri bila kujua kwamba aliyeyaandika alikuwa amekaa chini yake ameshika kitabu cha nyimbo. Nilipoandika kwamba silaha ni ya serikali peke yake, na kwamba kijana asiye na mkubwa juu yake hakomboi kitu, watu walibishana wiki nzima kwenye vituo vya pikipiki. Mimi nilikuwa pale nauza plagi, nasikiliza. Sijapata kufurahi hivyo tangu ndoa yangu.

Sasa nikupe kichekesho. Unamkumbuka Josué, yule wa sauti ya besi katika kwaya yetu? Amekuwa rais wa Kamati ya Ngao. Ni kamati ya hapa mtaani, iliyoanzishwa kuiunga mkono nchi wakati huu wa vita. Ni watu wa upande wangu: bendera, nidhamu, heshima. Kila mkutano Josué anasoma makala yangu kwa ile besi yake, nami nimekaa benchi ya tatu. Juzi alikunja karatasi akasema: "Huyu Muhindo, siku nitamupata, nitamukalisha hapa mbele." Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga. Ningefanya nini?

Franck hapigi makofi. Anajua ni mimi. Sandrine hawezi kuficha kitu mbele ya binamu yake. Jumapili alisema, kijiko kikiwa mdomoni: "Tonton, nguzo za Wagenia ni za zamani, sawa. Lakini kamba je? Kamba wanabadilisha kila mwaka. Bila kamba mpya mtego unaondoka na maji. Mbona hujaandika kamba?" Nikamwambia ale. Hesabu zimemharibu mtoto huyu.

Lakini kuna jambo linaniwasha. Kamati imeanza kuandikisha vijana wa kwenda mstari wa mbele. Wanapita nyumbani saa ambazo baba wako sokoni. Mama mmoja, Adèle, anayeuza makayabu, samaki wa chumvi, karibu na duka langu, alirudi akakuta kitanda cha mwanawe kimetandikwa. Hakuaga. Nilimwambia Josué pembeni kwamba hivyo sivyo. Akanipiga bega, akasema vita haingoji ruhusa ya papa na mama.

Nitaliandika, yaya. Kama Kizingiti hakisemi hili, basi ni mbao tu.

Mbusa

*

Kisangani, 2 Machi 2025

Yaya Kahambu,

Poleni, poleni sana kwa habari za Goma na kwa wageni wanaozidi kufika kwenu. Tunawaombea kila jioni. Paa letu limevuja upande wa jikoni, nimeliziba. Goti la Agathe limeamka tena. Mchumba wa Sandrine alileta barua rasmi, tumempokea. Padri anakusalimia. Mama Adèle anakusalimia ingawa hakujui. Samaki ni wachache, maji yamejaa.

Makala niliyokuambia nimeitoa. Imesomwa kuliko zote.

Nina haraka, Assumani amewasha gari.

Mbusa

*

Butembo, 23 Machi 2025

Mbusa,

Salamu za Kwaresima. Tuko wazima, wageni wameongezeka, unga upo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na ilikuwa fupi. Ulinisalimia paa, goti, padri, samaki, na mama ambaye sijawahi kumwona. Mwanangu hukumtaja. Ndipo nikamwita Assumani arudi, nikampa chai, nikamwangalia usoni mpaka akasema: Franck alichukuliwa shuleni mbele ya wanafunzi wake, siku chache kabla hujaniandikia. Makala yako imewakasirisha Kamati, wakamfungia kwenye ghala lao kwa sababu anaitwa Muhindo, amesoma, na anaandika ubaoni kwa mwandiko mzuri. Assumani alisema wanamuuliza kila siku kama ni yeye mwandishi, naye anajibu kwamba yeye hakubaliani na neno hata moja la makala zile. Hataki kusema ni za nani.

Mtoto wangu anafungwa kwa maneno anayoyapinga, na kwa jina nililolipata kwa machozi.

Sasa nisikilize. Plamedie alinisomea hiyo makala. Inasema mtoto asivuke kizingiti kwenda vitani mpaka baba yake amemwekea mkono kichwani. Nililia, kwa sababu nilijua ulikuwa unamsema nani. Halafu akanisomea mstari unaofuata: "Nami nilipokea titi la mama nyuma ya kaka yangu, na kaka huyo aliondoka bila mkono wa baba, na mpaka leo hatuna kaburi lake." Nikamwambia rudia. Akarudia.

Mbusa, ulijisahau. Katembo, kaka yetu aliyepotea, alikushika mkono wa kalamu ukasema ukweli. Muhindo hanyonyi nyuma ya kaka. Muhindo ananyonya nyuma ya dada, la sivyo si Muhindo. Mtu yeyote wa kwetu mwenye akili timamu, akiusoma mstari huo polepole, anajua kwamba aliyeandika si mwanangu, bali ni mwanaume aliyekuja nyuma ya wanaume. Mzee Lambert, yule mtu wa kwetu mfanyabiashara wa saruji anayekaa kwenu huko tangu zamani, anaweza kuwaeleza Kamati kwa dakika moja. Nina namba yake. Simu yangu ina chaji.

Sijampigia.

Nimekaa na simu hiyo mapajani siku nyingi. Nikimpigia, wanamwachia mtoto wangu na wanaanza kumtafuta aliyefuata kaka. Na katekista muuza cheni, aliyempoteza kaka yake katika vita ile nyingine, watampata kabla ya jioni. Siwezi kumtoa mmoja kwa kumtoa mwingine. Mama alinikabidhi wewe kabla sijazaa yeyote.

Kwa hiyo nakuachia. Sitakuambia la kufanya. Baba alikuambia zamani: mwenye neno ndiye mwenye mzigo wake.

Kahambu

*

Kisangani, Pasaka, 20 Aprili 2025

Yaya Kahambu, dada yangu,

Amefufuka kweli.

Franck ametoka. Nimeweka neno hilo mwanzo ili upumue kabla ya mengine. Amekonda, lakini alikula lituma sahani mbili na kusema Agathe ametia chumvi nyingi, kwa hiyo ni yeye kabisa.

Nisamehe ile barua ya paa na samaki. Nilikuwa nadhani nitamtoa kwanza, halafu nikuandikie imekwisha. Nilizunguka kwa Josué kama mtu wa kuombea wengine: mwache kijana wa watu, ni mwalimu tu. Naye akasema atamwacha siku atakapokiri. Nikarudi nyumbani nikiwa Cyprien wa benchi ya tatu vile vile. Barua yako ndiyo ilinikuta hapo.

Nilisali. Nikavaa suti ya ndoa. Agathe hakulia, alinipigia kola pasi na kusema nisiwe na maneno mengi. Nikapita kwa Mzee Lambert, nikamwambia njoo uwe shahidi wa jambo la kwetu. Alichukua fimbo yake, tukaenda.

Josué alikuwa kwenye meza na watu wake. Nikasema: "Raisi, Muhindo ni mimi."

Yaya, walicheka. Walicheka mpaka mmoja akashika tumbo. Josué alipangusa macho akasema: "Cyprien, weye iko unauzisha macheni. Ile mutu anaandika ni mutu wa université. Rudi nyumbani, usinichezeshe na mambo ya undugu wa damu."

Ninakuambia ukweli, maana wewe ni dada: katikati ya hofu ile nilisikia fahari kidogo. Mungu anisamehe.

Nikamwomba karatasi ya makala. Anayo, alikuwa ameipigia mistari myekundu. Nikamwonyesha mstari wa titi la mama. Nikamuuliza Lambert mbele yao wote: kwetu, anayefuata kaka anaweza kuitwa Muhindo? Mzee akavaa miwani, akasoma polepole kwa kidole, kisha akaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Akasema: "Hapana. Huyu amejiandikisha Muhindo, lakini titi la mama yake linamushitaki. Huyu ni mutoto wa nyuma ya wavulana. Huyu ni Mbusa." Halafu akamgeukia Josué: "Na weye umefunga mwalimu ambaye mbele yake kuna madada watatu. Ungeuliza mutu yeyote wa kwetu kwenye soko, angekuambia bure."

Hakuna aliyecheka tena. Josué alikunja karatasi. Yule ni mtu ambaye nimeimba naye zaburi miaka mingi, yaya, namjua anapopungukiwa pumzi. Akasema kwa sauti ya chini: "Nilisema nitakukalisha mbele."

"Nimekuja," nikasema.

Walimwachia Franck jioni ile ile, na mimi nikaingia ghalani mahali pake. Tulipishana mlangoni. Hakusema asante wala pole. Alisema: "Tonton, umechelewa." Nikasema ndiyo.

Nilikaa mle mpaka Jumapili ya Matawi. Sikupigwa. Walinileta mbele ya Josué kila asubuhi, niandike kwamba makala ile nimeifuta. Nilimjibu kila mara kwamba mimi si adui wa Kamati. Nataka tushinde vita, nataka bendera isimame, na kwa sababu hiyo hiyo sitaki vijana waondoke kama wezi kwenye nyumba za baba zao. Nchi inayoiba watoto wake itawalinda na nani? Neno hilo sikulifuta, yaya, wala sitalifuta.

Jumapili hiyo, misa ilipokwisha, Mama Adèle hakwenda nyumbani. Alikuja na tawi lake mpaka kwenye lango la ghala, akasimama. Nyuma yake wakaja wababa wa Mangobo, na wengine kutoka Kabondo, wote na matawi mkononi. Hawakuimba wala hawakupiga kelele. Josué alitoka akauliza wanataka nini. Baba mmoja akasema hawakuja kwa ajili ya katekista. Walikuja kuweka mkono kwenye vichwa vya watoto wao, basi, na wale ambao mkono haujawafikia warudishwe. Watakaa hapo mpaka ifanyike.

Josué alisimama na watu wa kwaya yake mwenyewe mbele yake. Unaweza kumfungia mtu blogu, lakini huwezi kumkataza baba kubariki. Kabla ya saa sita alikuwa amefungua lango. Mimi nilitoka nyuma ya watu wote, na suti yangu imekuwa kama gunia. Vijana walioandikishwa, waliokuwa kambini nyuma ya ghala na bado hawajasafirishwa, walipangwa uani. Wengine walipokea mkono wa baba na kubaki, wakiwa wamenyooka. Wengine walirudi nyumbani. Mtoto wa Adèle alirudi.

Duka liko wazi. Josué hanisalimii kanisani, lakini juzi kwenye Alhamisi Kuu tulisimama mstari mmoja, na aliposhindwa noti ya chini mimi nilimshikia.

Nimeandika makala mpya na nimeweka jina langu lote, Mbusa Cyprien, Mangobo, duka la vipuri. Unajua ilivyopokelewa? Wasomaji wamekasirika. Wanasema Mbusa huyu ni nani, ameiba blogu ya Muhindo wetu, hana hata ule ufasaha. Mmoja wa Ubelgiji ameandika: rudisheni mwandishi wa kweli. Nusu wameondoka. Nusu iliyobaki inanipitia dukani kubishana nami ana kwa ana, na wengine hununua plagi.

Niko vizuri, yaya. Nalala usiku.

Franck anakuja kwenu na Assumani, ataibeba barua hii mwenyewe. Jina lake nakurudishia pamoja naye, halina mkunjo.

Mdogo wako,
Mbusa

*

Butembo, 18 Mei 2025

Mbusa wangu,

Nimepokea barua na aliyeileta. Mtoto amefika na vumbi hadi kwenye nyusi, wageni wangu wakamwimbia mlangoni bila kumjua. Nilimshika kichwa kwa mikono miwili, maana baba yake hayupo tena wa kufanya hivyo, na sikumwachia upesi. Hakulalamika.

Anafundisha watoto wa wageni hapa uani, hesabu, ubao ni mlango wa jikoni. Kwa hiyo ninapika mlango ukiwa wazi.

Mpe Agathe kitenge nilichofunga humu. Sandrine asiolewe kabla barabara haijatulia, nataka kuja.

Jana jioni mjukuu alifungua Kizingiti, lakini Franck alimnyang'anya simu, akasema atasoma mwenyewe. Alitusomea sote, sauti juu, kama mwalimu. Kila baada ya mistari michache alisimama na kusema: hapa tonton amekosea. Wale mama wakamwambia anyamaze asome. Akasoma mpaka mwisho, akafika kwenye jina lako, akalisoma nalo, lote, na Mangobo, na duka la vipuri.

Halafu akaniambia nikuandikie kwamba juu ya kamba za Wagenia bado hujamjibu.

Dada yako,
Kahambu